Jiwe Lililovaa Kitambaa

Mtu anayehamia Kirumba mlimani, ambako mawe yamejaa kila kona, akiwa amebeba mawe mengine lazima awe na sababu nzuri. Sisi tulikuwa nayo, na sababu yenyewe ilikuwa shangazi.

Tulikuwa wanne. Mimi mkubwa, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye wakati huo alikuwa ameota ndevu chache na kila asubuhi anazichana, mdogo wangu wa kike, wa darasa la tano, na kitinda mimba wetu, wa kiume, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, mimi nikaacha shule kidato cha pili nikaenda kuuza dagaa soko la Mwaloni. Tuliendelea kukaa Kisesa kwenye nyumba ya kupanga waliyotuacha ndani yake, vyumba vinne na ua wa kuchezea mpira, mpaka mwenye nyumba aliposema kijana wake anaoa na anataka kukaa pale. Hakutufukuza kwa ubaya. Alituletea hata mchele wa kuagana.

Nikatafuta karibu na soko nikapata chumba na sebule, mlimani Kirumba. Nikampigia simu shangazi, dada wa baba, anayekaa Bunda, nikamweleza.

"Chumba na sebule," akasema. "Watu wanne."

"Ndiyo shangazi."

"Mtalala kwa zamu?"

"Tutaenea shangazi."

Nikamsikia kwenye simu anavyorekebisha kanga yake. Kisha akasema, "Nitakuja Jumapili baada ya kuhama kwenu. Nikikuta kila mtoto ana pa kulala pake, nafunga mdomo. Nikikuta mmoja amelala miguuni pa mwenzake kama paka, naondoka naye. Na unamjua ni yupi."

Nilimjua. Alikuwa amesimama karibu yangu anakula muwa, masikio yote yako kwenye simu. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda yule mtoto, na kwake kulikuwa na maziwa. Lakini tulipotoka kumzika mama niliwaambia wadogo zangu kwamba sufuria yetu itaendelea kuwa moja, na sikutaka kuanza kugawa watu mapema hivyo.

"Na mafiga msiyaache," shangazi akamalizia.

Kwetu, upande wa baba, mafiga hayaachwi. Ukihama unaweza kuuza jiko, unaweza kugawa masufuria, lakini yale mawe matatu ya kupikia yanakwenda na wenyewe, na yanabebwa na watoto wa nyumba hiyo, siyo mpagazi. Ya kwetu yalitoka kwa bibi, meusi kwa masizi mpaka yanang'aa.

Basi nikarudi Kirumba kupima. Nilichukua kamba, nikaipiga mafundo: fundo hapa ni kitanda changu na mdogo wangu wa kike, fundo pale ni kitanda cha kaka yao, fundo la mwisho ni cha mdogo. Mama mpangaji aliyekuwa anahama alikuwa bado yumo, akanikaribisha vizuri, akanipa soda. Chumbani kitanda chetu kikaenea. Sebuleni kitanda kimoja kikaenea ukutani, na kona ya pili kulikuwa na kabati lake, pana, limefunikwa kitambaa cha kufuma kinachofika chini, maua ya waridi na ndege wawili wanaotazamana. Juu yake kulikuwa na televisheni, chupa ya chai na picha ya harusi. Nikapima upana wa kabati kwa kamba. Likiondoka, kitanda cha mdogo kinaingia pale na nafasi ya ndala inabaki. Nilishuka mlima naimba.

Kuhama kwenyewe kulikuwa vita. Nilitoa amri: kila mtu gunia moja la vitu vyake, basi. Makochi tuliwapa majirani. Kabati la mama lilikuwa limeliwa na mchwa mgongoni, likabaki linasimama kwa heshima tu; mdogo wangu wa kiume akaling'oa mbao tatu zilizokuwa nzima na kusema hizo ndizo gunia lake. Yule wa kike aliweka madaftari, juu yake akaficha sufuria ya kuchezea, ingawa alikuwa ametangaza kwamba amekua. Gunia la kitinda mimba lilikuwa linatembea.

"Humo kuna nini?"

"Nguo."

Gunia likasema ko-ko-ko.

"Nguo zako zinataga?"

"Moja tu," akasema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu na kuku wake kwa pamoja.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilitufikisha mwisho wa barabara, chini ya mlima. Kutoka hapo ni ngazi, vichochoro na mawe makubwa kuliko nyumba, na kila kitu kinapanda kwa kichwa. Vijana wabeba mizigo walichukua vitanda na magodoro. Sisi tukachukua mafiga, kila mtu lake, na kitinda mimba akabeba kuku. Mpagazi mmoja akasimama na kitanda chetu kichwani, akatutazama vizuri.

"Dada, hayo ni mawe?"

"Ndiyo."

"Mnapeleka mawe Kirumba?"

"Ndiyo."

Akawaita wenzake. "Jamani, njooni muone! Hawa wanapeleka mawe mlimani! Kesho watapeleka dagaa Mwaloni na maji ziwani!"

"Cheka taratibu," mdogo wangu akamwambia, huku jasho linamtiririka kwenye ndevu zake. "Ukidondosha kitanda cha dada utakilalia wewe."

Mpaka tunafika juu tulikuwa tumepata wasindikizaji. Watoto wa mlimani walitufuata wakihesabu mafiga kama vile kuna la nne limepotea njiani. Nikafungua mlango wa sebule kwa mbwembwe zote za mwenye kwake.

Kabati halikuwepo. Palikuwa na jiwe.

Jiwe zima, la kijivu, limefika kiunoni, limetoka ukutani na kujinyoosha ndani ya sebule kama ng'ombe aliyelala. Upande mwingine wa ukuta lilikuwa linaendelea nje na kupanda mlima na shughuli zake. Yule mama alikuwa amehama na televisheni, chupa ya chai, picha ya harusi na kitambaa chenye ndege, na alichotuachia ndicho nilichokuwa nimekipima.

Nimezaliwa mkoa huu. Nimeona nyumba zimepanda juu ya mawe, zimejificha chini ya mawe, choo kimeegemea jiwe na jiwe limeegemea kanisa. Lakini ukiniwekea kitambaa cha kufuma juu ya kitu, mimi naona kabati. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikamwita mwenye nyumba, mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu na jua linawaka.

"Shikamoo mzee. Hili jiwe..."

"Marahaba mwanangu. Zuri, eeh?"

"Halitoki?"

"Litoke liende wapi? Hilo nililikuta. Nikalijengea. Ndiye mpangaji wangu wa zamani kuliko wote, na hajawahi kunipigia kelele." Akalipiga kofi mgongoni, akaenda zake.

Mdogo wangu wa kike alishahesabu vitanda. Chumbani kimoja, sebuleni kimoja. Alinitazama, kisha akamtazama kitinda mimba, ambaye alikuwa tayari juu ya jiwe na kuku wake, anatupungia mikono.

"Dada," akasema polepole, "Jumapili ni keshokutwa."

Tulijaribu kila kitu. Kitanda cha mdogo tukakiegemeza, tukakilaza ubavu, tukakisimamisha kama mlango. Kikagoma. Tukajaribu kumlaza na kaka yake, wakapigana mateke kabla hata ya kufumba macho. Mwisho tukaweka godoro juu ya jiwe. Juu lilikuwa pana vya kutosha, ila lilikuwa limeinama kuelekea mlangoni.

"Lala tuone," nikamwambia.

Akalala. Akaanza kuteleza taratibu, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kama samaki sato anayetoka kwenye sinia, mpaka akatua kwenye beseni la vyombo.

"Tena!" akasema.

Aliteleza mpaka watoto wa jirani wakapanga foleni. Nikawafukuza wote, nikakaa chini. Nilikuwa nimemwambia shangazi tutaenea, na jiwe lilikuwa linanicheka kwa lugha yake.

Yule wa kike ndiye aliyeinama na kuchungulia upande wa chini. "Hapa panataka kuinuliwa kidogo tu," akasema. "Kama sufuria inapoinama. Si unasogeza figa?"

Tukatazamana. Kisha wote tukatazama mlangoni, mafiga yalipokuwa yamekaa yanatusubiri.

Tuliyapanga matatu sakafuni, upande wa mlangoni. Mbao za kabati la mama tukazilaza, kichwani zikashika jiwe, miguuni zikashika mafiga tuliyoyaongezea vipande vya tofali mpaka zikalingana. Mdogo wangu aligonga, akachonga, akajigonga kidole, akamtukana mchwa. Mwisho tukaweka godoro. Kitinda mimba akalala. Hakuteleza. Alisikitika kabisa.

Mimi nilibaki na wasiwasi mwingine ambao sikuwaambia. Mafiga ni ya chungu. Sikuwahi kusikia yakilaliwa, na aliyekuwa anakuja kukagua ndiye anayejua zaidi yetu sote.

Jumapili tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anapanda ngazi na kila ngazi inapata neno lake.

"Hii ni nyumba au kiota cha tai? Eeh? Mtu akifa huku anateremshwa na nini?"

"Shikamoo shangazi," tukasema wote kwa mpigo.

"Marahaba, marahaba. Maji."

Akanywa. Hakukaa. Akaingia chumbani, akaona kitanda chetu. Akatoka sebuleni, akaona cha kaka yao, akakibonyeza. Kisha akageuka.

"Na huyu?"

Kitinda mimba akarukia juu ya jiwe, akajilaza, akajifunika shuka mpaka puani.

"Mnamlaza mtoto juu ya jiwe kama mjusi?"

"Mijusi wa hapa wamenona shangazi," mdogo wangu wa kiume akasema.

"Wewe nyamaza na hivyo vindevu." Akainama, mkono kiunoni, akachungulia chini ya mbao. Alikaa hivyo muda. "Hayo meusi ni nini?"

Ikabidi nijibu mimi.

"Mafiga, shangazi."

"Mafiga ya mama yangu."

"Ndiyo."

"Na chakula mnapikia nini?"

"Mkaa. Mwenye nyumba hataki kuni."

Akanyoosha mkono akaligusa moja, akajitazama masizi kwenye vidole. Nilifikiri anatafuta maneno makali. Kumbe alikuwa anatafuta pa kukaa. Alijishusha kwenye ukingo wa kile kitanda, mgongo ukagusa jiwe, akashtuka.

"Lina joto!"

"Jua, shangazi," yule wa kike akasema. "Nje linaota jua kutwa."

Shangazi ana mgongo. Ukimuuliza habari za Bunda anakupa habari za mgongo. Akaegemea tena, sasa kwa makusudi. Akamwambia kitinda mimba, "Sogea nijaribu. Nisije nikamwacha mtoto wa watu aumie." Akapandisha miguu. Akasema mbao zinalia. Akasema mto ni mwembamba. Akasema nimwamshe baada ya... Hakumaliza kusema baada ya nini.

Tulikula chakula tukinong'ona. Samaki wake tulimfunikia. Alikoroma vizuri, kwa mpangilio, na kuku akawa anamjibu.

Alipoamka jua lilikuwa limeshageuka. Alikaa akijinyoosha, akauzungusha mgongo huku na huku kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akatutazama tulivyopanga mstari.

"Mafiga yakishakaa hayainuliwi hovyo," akasema. "Nikimchukua huyu mtayatoa mweke televisheni. Nawajua. Aliye juu ya mafiga ana kwao. Muacheni alale."

Hakuna aliyepiga kelele. Tulijua akisikia tumefurahi sana angeweza kubadilisha.

"Lakini siwezi kurudi mikono mitupu," akaongeza. "Huyo kuku ni wa nani?"

Kitinda mimba alimtazama kuku, akamtazama shangazi, akalitazama jiwe. Ni hesabu ngumu kwa mtu wa darasa la kwanza. Akamshika kuku kwa mabawa yote mawili akamkabidhi mwenyewe, kwa adabu, kama anayetoa mahari.

Tulimsindikiza shangazi mpaka chini kwenye magari. Kitinda mimba alishuka ngazi zote peku, anarukaruka, na hakuna aliyejali, mpaka jioni nilipotaka kumwandalia vitu vya shule vya kesho.

"Viatu vyako viko wapi?"

Akatoka nje, akaingiza mkono mpaka begani kwenye ufa ulio kati ya jiwe letu na jiwe la jirani, akavitoa kimoja kimoja, vimejaa vumbi na utando wa buibui.

"Nani aliviweka humo?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mdogo.

"Dada, mtu hasafiri peku."

Siku hizi shangazi anakuja kutusalimia mara nyingi kuliko tulipokuwa Kisesa. Anasema anakuja kuangalia mafiga. Kitinda mimba, akisikia anapanda ngazi, anakunja shuka lake mwenyewe na kuhamia kwa kaka yake, na huko wanaanza mateke.