Kijapani Nilichojifunza kwa Gramafoni ya Memsahibu

Mimi sina tabia ya kuchezea vitu vya watu, na wajukuu wangu nimewachapa kwa hilo. Lakini hili nililifanya, basi wacha nijicheke kabla hamjanicheka.

Memsahibu ninayemfulia nguo hapa Subukia alikuwa akingoja mgeni Mjapani, mnunuzi wa maua ya pareto ya kutengenezea dawa ya wadudu. Akanunua santuri za kufundisha Kijapani, na akasema atakayegusa gramafoni atafukuzwa kazi. Mpishi Kiprono akanitania, "Nyanya, hata jina lako hujui kuandika. Mgeni utamsalimu kwa sabuni?"

Nikaapa nitamsalimu kwa lugha yake, na Kiprono asikie.

Kila memsahibu alipoenda shambani, nilijifungia sebuleni. Ule mkono wa gramafoni hulia sana ukizungushwa, kwa hiyo niliuzungusha mara tatu tu badala ya kuukaza mpaka mwisho kama afanyavyo memsahibu. Mwalimu wa kwenye santuri alianza kwa kasi, akapoa, akamalizia kwa sauti nzito kama fahali mgonjwa. Nikasema, kumbe Wajapani huongea hivi. Nikamwiga mpaka nikaweza.

Mgeni alipofika niliinama, nikatoa salamu yote, mwanzo mbio, mwisho nikinguruma polepole mpaka pumzi ikaisha. Maskini mgeni, akanivutia kiti, akanipa maji kwa mikono miwili. Kiprono akauliza, "Nyanya, umeshikwa na nini?"

Memsahibu hakucheka. Alinitazama mimi, kisha akaitazama gramafoni yake.

"Mama," akasema, "wewe nazungusha hiyo mashini mara ngapi?"