Koplo Odur Aomba Ruhusa ya Kuuliza

Koplo mstaafu Odur wa Mbuya, Kampala, hajawahi kukaa kitini kabla ya kuambiwa kaa. Hata nyumbani kwake, mbele ya kiti alichokinunua mwenyewe, husimama kidogo akimtazama mkewe Joska, mpaka Joska aseme, "Keti basi, Baba Ayaa, nani kakuzuia?" Ndipo anakaa. Jeshini alibeba redio mgongoni miaka mingi, bega moja likashuka na halikupanda tena. Siku alipostaafu alirudi nyumbani na Kiswahili cha amri, pamoja na imani kwamba duniani hakuna jambo lisilo na mkubwa wake. Hata nyanya zina mkubwa wao. Mtafute huyo kwanza, mpe heshima yake, ndipo uulize bei.

Watu wa namna hiyo wana faida yao. Kwenye geti la ghorofa analolinda siku hizi hapiti hata paka bila kujieleza. Lakini mpe mtu huyo kompyuta, halafu kaa pembeni utazame.

Kompyuta alipewa na mkwe mtarajiwa, Nashon Okinyi, kijana wa Kisumu anayeuza vifaa vya ujenzi kule Nakivubo. Wengine huleta kanzu wanapokuja kujitambulisha kwa baba wa msichana; huyu alileta kompyuta, na balaa likaanzia hapo. Kanisani kulikuwa na mafunzo ya kompyuta kwa wastaafu. Odur akajiandikisha, akakaa mstari wa mbele, mgongo wima kama mlingoti. Mafunzo yalipokwisha alijua kutengeneza ukurasa wa mtandaoni wenye rangi ya kijani, maua pembeni na maneno yanayotembea. Mwalimu alimwambia huo ni mwanzo mzuri. Odur alilisikia "mzuri". "Mwanzo" likampita sikioni.

Basi ilipopangwa kwamba ukoo wa Okinyi utaleta mahari ya binti yake Ayaa tarehe sita Desemba, Odur alisimama kwenye kikao cha familia akatangaza kwamba ukurasa wa sherehe atautengeneza yeye, na ndani yake ataweka saa ya kuhesabu siku zilizobaki. Kompyuta, alisema, ni redio yenye kioo tu, na yeye redio anaijua.

Joska alimwonya mbele za watu. Baba wa binti hahesabu siku za mahari, alisema, watu watadhani ana njaa ya ng'ombe. Odur akamjibu kwamba yeye haelewi teknolojia. Joska akasema teknolojia kweli haielewi, ila njaa anaielewa, na watu wa Kisumu wanaielewa pia.

Saa ikatengenezwa. Kila asubuhi namba ilipungua kwa moja, na Odur alifurahi kama mtu aliyemfundisha jogoo kusoma. Akaituma kwa Sylvanus, mshenga, mjomba wake Nashon anayeuza viatu soko la Owino. Huyo ndiye alikuwa akibeba maneno kati ya nyumba hizo mbili, kwa sababu wazee wenyewe walikubaliana kufuata adabu ya zamani: baba wa binti na baba wa kijana hawapigiani simu mpaka ng'ombe wafike. Sylvanus akaituma Kisumu, na Kisumu nzima ikaifungua.

Wa kwanza kugundua alikuwa Ayaa, aliyerudi kutoka zamu ya unesi, akaangalia simu yake na kuuliza, "Baba, kwani mmenisogeza mpaka mwaka mpya?"

Odur akahesabu kwa vidole. Akahesabu kwa kalenda ya kanisa, kisha akaenda kuhesabu kwa kalenda ya jirani, asije akawa ameonewa na kanisa. Jibu lilikuwa lile lile. Saa yake ilikuwa inaelekea tarehe sita Januari. Mwezi mzima umeingia katikati bila mtu kuukaribisha.

Kabla hajakaa sawa, Sylvanus akafika, hana hata nguvu ya kunywa chai. Alisema wazee wa Kisumu wameelewa ujumbe. Odur akauliza ujumbe gani. Sylvanus akaeleza kwamba wameona baba wa binti amesogeza siku kimya kimya, maana yake haridhiki na ng'ombe waliotajwa. Jumapili baada ya ibada watakaa kikao. Saa ikiwa bado inasema Januari, wapo watakaosema mlango umefungwa, na Nashon atafutiwe msichana wa huko huko kwao.

Hapo mtu mwenye akili angesema, ndugu yangu, nimekosea. Lakini Odur aliitazama ile redio yake yenye kioo, kisha akamtazama mshenga aliyesikia majigambo yote. "Waambie wangoje Jumapili," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye mpango.

Mpango hakuwa nao. Alifungua kile alichokiandika, akakagua mstari kwa mstari. Mwaka ulikuwa sawa, na siku ilikuwa sita. Mwezi aliandika kumi na mbili, na Desemba ni mwezi wa kumi na mbili tangu azaliwe. Joska, aliyekuwa akichambua mchele karibu yake, akamuuliza kwa nini asiandike kumi na moja, ili huo mwezi mmoja uliozidi uondoke. Odur alimtazama kwa huruma. Huo, alisema, ungekuwa uongo, na kompyuta haidanganywi. Joska akarudi kwenye mchele wake.

Mwalimu wa kanisani simu yake haikupatikana. Lakini siku ya mwisho ya mafunzo alikuwa amewaonyesha kundi la Telegramu la wanaotengeneza programu kwa Kiswahili, watu wa Nairobi, Dar, Goma na kwingineko, ambako anayeanza anaweza kuuliza chochote. Odur akavaa shati, akalifunga vifungo vyote, akaingia. Aliandika:

"Jambo maafande wote. Mimi Koplo mstaafu Odur, Mbuya. Natumaini hapo kambini wote mzima. Naomba ruhusa kuuliza."

Papo hapo akajibiwa na mmoja anayeitwa Msimamizi: "Karibu kwenye kundi. Tafadhali soma kanuni zilizobandikwa juu."

Odur akafurahi. Mkubwa mwenyewe, tena bila kuchelewa. Akasoma kanuni zote, ile ya pili akairudia. Ilisema mtu asisalimie akangoja. Aandike tatizo lake moja kwa moja na aweke programu aliyoiandika, watu waione. Odur akacheka peke yake. Mtego huo aliujua. Jeshini mkubwa hukuambia jisikie nyumbani, ole wako ujisikie nyumbani. Akaandika: "Jambo afande. Kanuni nimesoma yote. Nangoja amri."

Msimamizi akajibu: "Karibu kwenye kundi. Tafadhali soma kanuni zilizobandikwa juu."

Basi akasoma tena. Huenda kuna neno aliliruka. Akaripoti tena, kwa jambo na heshima zote, na akaamriwa tena kusoma. Mchezo huo ulikwenda Ijumaa yote na Jumamosi yote. Getini aliruhusu magari kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu. Moyoni alimheshimu sana Msimamizi. Alimwambia Joska kwamba yule afande halali, halafu hana hasira, husema neno lile lile kwa utulivu mpaka askari aelewe. Joska akamuuliza kama amekwisha kumwambia shida yake ni nini. Odur akasema bado hajaruhusiwa.

Jumapili walirudi kutoka ibadani, na ibada ya Kisumu nayo ilikuwa imekwisha. Ayaa alikaa kwenye ngazi ya mlango na gauni lake zuri, anaisugua ile simu kwa kidole kama atakayefuta hiyo Januari kwa mkono. Odur alimwona. Afadhali angelia, maana binti anayelia baba unajua la kumwambia.

Joska akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba Ayaa," alisema, "unamwomba ruhusa mtu asiyekujua, na mtoto wako amekaa hapo mlangoni. Uliza sasa hivi, au nitauliza mimi, na mimi sitaanza na jambo."

Odur akaichukua simu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliandika bila kusalimia mtu yeyote: "Saa yangu inaongeza mwezi mmoja. Nimeandika Desemba, inaenda Januari. Wakwe wako kikaoni." Akabandika chini yake programu yote, pamoja na maua. Kisha akaiweka simu mezani kifudifudi, akangoja kuadhibiwa.

Msimamizi hakusema neno. Akajibu mama mmoja Mkongo anayeitwa Exaucée: "Papa, hatimaye! Siku mbili tunakuona unasalimiana na mashine. Huyo Msimamizi si mtu. Ni programu, inamjibu kila anayeanza na salamu."

Odur akasoma mara mbili. Akaandika: "Ana cheo gani?"

"Hana cheo, papa. Hana hata miguu. Sikia: kwenye lugha hii ya kompyuta miezi inahesabiwa kuanzia sifuri. Januari ni sifuri, Desemba ni kumi na moja. Andika kumi na moja."

Odur akauliza ni nani aliyetoa amri kwamba Januari iwe sifuri. Exaucée akasema hata yeye siku ya kwanza aligombana nayo, na wengine kundini wakaanza kusimulia kila mmoja jinsi mwezi huo wa sifuri ulivyomwaibisha: mmoja aliwahi kumtakia bosi heri ya kuzaliwa mwezi mzima baada ya siku yenyewe. Odur hakungoja simulizi ziishe. Akaandika kumi na moja, akahifadhi, akafungua ukurasa. Desemba ikarudi mahali pake. Ayaa akainuka ngazini akaingia ndani, na kidogo wakamsikia anaimba huku akibadilisha nguo.

Joska alisimama pale pale na mwiko wake. "Kumi na moja," alisema.

"Hii ni tofauti," Odur akasema. "Hii ina sababu."

Jioni Sylvanus akafika anakimbia, mtu mzima na tumbo lake. Alisema amepigiwa simu kutoka Kisumu, kikao kilikuwa kikali. Walibishana, mwisho Mzee Okinyi, baba yake Nashon, akasema basi, ili baba wa binti aridhike, aongezwe mtamba mmoja. Neno halijakauka mdomoni, kijana mmoja akaangalia simu: saa imerudi Desemba. Mzee Okinyi akasema tangu azaliwe hajaona baba mkwe anayejibu upesi namna hiyo, tena kwa adabu, bila kufungua kinywa.

Joska akamtazama mumewe. Ungeona shingo ya Odur ilivyorefuka. Hapo alikuwa na heshima ya Kisumu nzima mkononi, na mtamba juu yake, na kilichotakiwa ni kunyamaza tu. Aliketi, hakungoja kuambiwa, akainuka tena.

"Mshenga," alisema, "huyo mtamba abaki kwao. Mimi sikusogeza siku. Nilikosea. Nilikuwa sijui kitu, nimeuliza watu kwenye simu, ndiyo wamenisaidia. Januari ni sifuri."

Sylvanus akacheka mpaka akashika ukuta. "Afande," alisema, "niwaambie wazee wa Kisumu kwamba Januari ni sifuri? Wataniuliza nimekunywa nini kwako." Akaondoka akisema atawaambia tu kwamba baba wa binti amekataa kuongezewa.

Akawaambia. Kisumu ikajibu siku iliyofuata kwamba mtu anayekataa mtamba hadharani ni mkwe wa kushikwa kwa mikono miwili, na mtamba anakuja, tena mwenye mimba. Odur akasema hapana, atawaeleza mwenyewe vizuri, ataandika pale kwenye ukurasa, maneno makubwa yanayotembea. Akavuta kiti.

Joska akaichukua kompyuta mbele yake, akaifungia kabatini pamoja na sahani za wageni, na ufunguo akautia kifuani. Odur alisimama mbele ya kabati, mikono ubavuni, akaomba ruhusa. Mpaka tarehe sita Desemba alikuwa hajapewa.