Tawi Nililolifungua Kwenye Mteremko wa Wusi

Mimi naitwa Mkamburi. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole viwili, na hapa Mwatate wengi hunijua kwa mwendo kabla hawajaniona uso. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini jina la mtu sisahau. Naandika haya kwa ajili ya wagonjwa, na kwa ajili ya mtu mmoja ambaye hayuko tena.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu, nimeolewa mwaka mmoja. Mume wangu Mwakio alikuwa karani katika shamba la mkonge. Alikuwa na baiskeli nyeusi, na jioni alinifundisha kuiendesha katikati ya mistari ya mkonge, mahali ambapo hakuna wa kunicheka. Siku hizo mwanamke juu ya baiskeli alikuwa kioja.

Mwaka ule masika yalikata barabara ya mlimani mahali pawili. Lori halikupita, basi halikupita. Mwakio akapata likizo ya wiki moja, akaniambia, "Mkamburi, barabara yote ni yetu. Twende tuzunguke milima." Akaazima baiskeli ya pili kwa kaka yangu Nyambu, tukafunga blanketi kwenye keria, tukapanda.

Sijapata tena furaha kama ya siku zile nne. Kupanda tulisukuma, jasho likitiririka mpaka kiunoni. Kushuka tulitereza tu, husikii honi wala injini, ila maji ya mifereji. Mabonde yote yalikuwa miwa, na miwa ya kwetu si ya sukari, ni ya mbangara, ile pombe ambayo wazee wakiionja utadhani ni mapadre na divai yao. Kila nyumba ya jamaa tuliyofika tulikuta miwa inatwangwa kwenye kinu, na kila nyumba tuliletewa kibuyu. Mwakio aligusa mdomo tu kwa heshima, akarudisha. Alisema miteremko ile inataka kichwa kikavu. Mimi nilikunywa.

Niwaeleze jambo la tawi, maana ndilo lililonivunja. Watu wa milimani wakishuka na baiskeli hukata tawi kubwa lenye majani, wakalifunga kwa kamba nyuma ya keria, likaburutika chini. Hilo tawi ndilo linaloishika baiskeli isikimbie. Raba za breki peke yake hupata moto zikaisha. Mwakio alinifungia langu kila asubuhi, na kila asubuhi aliniambia nisilifungue mpaka tufike tambarare.

Siku ya nne tulilala kwa shangazi yangu Wakesho, huko juu Werugha. Asubuhi, Mwakio akiwa nje anakata matawi, shangazi alinimiminia jikoni mara mbili, tukacheka. Halafu akatupa kibuyu kidogo tumpelekee baba yangu, Mzee Mwadime, aliyekaa Wusi njiani kwetu. Nilikifunga kwenye usukani wangu.

Karibu na Wusi wanawake walikuwa wanachota maji kando ya barabara. Mmoja alikuwa Mghoi, tuliyesoma naye. Akaniona na tawi langu linakwaruza, akapiga kelele, "Mkamburi, serikali imekuandika kazi ya kufagia barabara?" Wakaangua kicheko. Niliona aibu, na mbangara ilikuwa kichwani. Mwakio alikuwa ameshapita kona mbele. Nikasimama, nikafungua kamba, nikalitupa tawi mtaroni, nikashuka.

Kona ya kwanza nilipita. Ya pili raba zilianza kunuka. Ya tatu breki nilizikaza kwa mikono yote miwili na hazikuwa na kitu. Nilimpita Mwakio kama upepo, nikatoka barabarani, nikaanguka kwenye mawe ya korongo. Nilipoangalia mguu, mfupa wa muundi ulikuwa nje ya ngozi, mweupe kama muhogo uliomenywa. Sikusikia maumivu hapo hapo. Nilisikia baridi.

Mwakio akaninyanyua. Kibuyu kilikuwa kimepasuka, na mbangara iliyonilowesha ikaingia yote kwenye shati lake. Waliokuja kunibeba kwa machela ni kaka yangu Nyambu na vijana wa jirani, Mwandoe, Mwakima na Mwangemi. Walinipeleka kwa baba, maana ndiko kulikokuwa karibu.

Baba alisogea kwa Mwakio, akanusa shati. Akasema polepole, "Umelewa, ukamwangusha mtoto wangu."

Mwakio aliniangalia. Nilikuwa na akili zangu zote. Kinywa changu kilinuka, lakini nilijua kila mtu angedhani ni gauni. Nikafumba macho.

"Nisamehe, baba," Mwakio akasema.

Hayo ndiyo maneno yake yote. Halafu akaomba nibebwe siku ile ile mpaka Mwatate, atafute lori la shamba linifikishe hospitali Voi. Baba akamjibu kwamba mlevi hawezi kumwamulia mtoto wake aende wapi. Akamfukuza. Akamwita Mzee Kilambo, mganga wa mifupa, ambaye kwa mguu uliovunjika ndani alikuwa hodari kweli. Wangu ulikuwa na kidonda. Akauvuta, akaufunga kwa fito na majani.

Siku ya tano joto lilipanda. Siku ya nane usaha ulipita kwenye majani, na harufu ilikuwa ya panya aliyeoza ukutani. Mama alichoma ubani ili wageni waweze kukaa. Kila siku Mwakio alikuja mpaka uani, akasema hospitali, akarudishwa. Nilimsikia kutoka kitandani. Neno moja tu kutoka kwangu, baba angemsikiliza. Sikulisema.

Siku ya kumi na moja nilianza kuwaita watu waliokufa. Mama ndiye aliyemwambia Mwakio aingie, baba akiwa shambani. Wakanishusha mpaka hospitali Voi.

Daktari wa Voi alikuwa mrefu, mpole. Alifungua majani, akamwambia Mwakio, "Mngemleta siku ya kwanza. Sasa sijui kama mguu huu utabaki." Aliupasua mara tatu akitoa nyama iliyooza na vipande vya mfupa. Nilichomwa sindano mpaka matako yakawa magumu kama ubao. Miezi mitano nililala pale, na mguu ukabaki, mfupi. Mwakio alikuja kila Jumapili kwa baiskeli na uji kwenye chupa ya chai. Namshukuru Mungu, na mikono ya daktari yule na manesi wake.

Mimi nilipona. Jina la Mwakio halikupona. Nyumbani kwa baba, mkwe akifika hupewa kibuyu, akakaa na wazee. Mwakio alipewa chai, pamoja na watoto. Miaka kumi na minne alikunywa chai ile bila kukunja uso. Mara moja nilimwambia nitasema ukweli. Akanijibu, "Useme, Mkamburi. Lakini useme mwenyewe, usinitume mimi." Nikangoja siku nzuri ya kusema. Baba akafa nikiwa nangoja. Baadaye na Mwakio akafa, kwa homa ya mapafu, akiwa bado na nywele nyeusi.

Nilipomweleza Nyambu ukweli, aliniuliza, "Sasa mimi nimwombe nani msamaha?"

Ninyi mnaosoma mkiwa na maumivu, jipeni moyo. Mfupa ukitoka nje ya ngozi, usingoje mganga wala siku ya pili, nenda hospitali. Na ukiulizwa umeumiaje, sema ulivyoumia, hata kama mama mkwe amesimama mlangoni. Aibu ingepita kwa wiki moja.

Na kama wewe ni wa ukoo wetu, na umesikia kwamba babu yako Mwakio alimvunja mke wake mguu kwa ulevi, mimi ndiye mke huyo. Nililewa mimi. Tawi nililifungua mimi. Yeye alinibeba tu.