Nilivifungua Vikopo vya Aisha

Msinihurumie. Nilichofanya nilikifanya kwa akili zangu timamu, mchana kweupe, tena nikiwa nimeshiba.

Mimi ni Mkenya, niko Dubai. Miaka ile nilikuwa msaidizi kwenye maabara ndogo huku Al Garhoud, kazi yangu kuosha vyombo. Bosi wetu, mhandisi tuliyemwita sir tu, alikuwa anatengeneza vile vijiti vya kupimia sukari ya damu. Shida ya vijiti hivyo ni kimeng'enya kilichopakwa nchani. Joto na unyevu hukiua mapema, halafu kijiti kinaanza kudanganya: sukari ya mgonjwa imepanda, chenyewe kinasema yuko sawa. Sir alikuwa amepata mchanganyiko mpya wa kukilinda, na tulikuwa tunaujaribu kwa kuweka vikopo vya vijiti vipya na vya zamani ndani ya kabati la joto kwa miezi.

Kabati hilo alikabidhiwa Aisha, Mganda tuliyeishi naye chumba kimoja Al Nahda.

Lo, nilivyomchukia! Tulianza kazi pamoja, lakini sir akamfundisha yeye kupima, mimi nikabaki na sinki. "Muulize Aisha." "Aisha anajua." Tukirudi chumbani ndiyo anaanza: mama yake kule Masaka anaumwa sukari, vijiti anavyomtumia vinaharibika kabla hajavimaliza, hivi vipya vitamfaa. Mimi nageukia ukutani.

Siku moja ya Agosti Aisha alienda kuswali adhuhuri, sir naye ametoka kula. Nikatoa vikopo vya vijiti vipya, nikafungua vifuniko, nikavianika kwenye roshani. Anayeijua Agosti ya huku anajua, hewa yenyewe ni maji! Nikaviacha vinywe unyevu, kisha nikavifunga na kuvirudisha kabatini.

Nilijiambia nataka agombezwe tu. Uongo! Nilitaka atoke.

Vilipopimwa, vijiti vipya vilikuwa vimeoza kuliko vya zamani. Sir akagonga meza.

"Uliacha vikopo wazi?"

"Wallahi sikuacha, sir."

"Kwa hiyo mchanganyiko wangu ni takataka? Chagua moja!"

Aisha akanigeukia. "Wewe unashinda humu. Sema kama umewahi kuona nimeacha kikopo wazi."

Nikasema, "Mimi naosha vyombo. Mambo ya kabati siyajui."

Jioni alisimama mbele ya kitanda changu. "Ni wewe."

"Usiniletee uchawi wa kwenu hapa!" nikamjibu. Jamani, mdomo huu!

Visa yake ikafutwa, akarudishwa kwao. Hakuniaga.

Nikadhani sasa kabati ni langu. Wapi! Mwenye kampuni aliyaona yale majibu mabovu, akasema khalas, kazi ifungwe. Vijiti vikatupwa, sir akaondoka, na mimi nikatolewa. Mpaka leo hakuna anayejua kama mchanganyiko ule ungefaa, kwa sababu mimi ndiye niliyeua jaribio lake.

Baadaye nilimpigia Aisha, nikakiri yote. Nikamuuliza mama anaendeleaje.

"Mama yangu usimtaje."

"Nisamehe, dada."

"Mimi si dada yako. Sir umemwambia?"

"Bado."

"Basi umenipigia ili nikufute machozi?" Akakata.

Nilimtafuta sir, nikampata kwenye ofisi nyingine. Alinisikiliza akiwa amesimama, mikono mfukoni. Aliufungua mlango, akasema, "Toka." Nikatoka.

Sasa hivi natandika vitanda hotelini. Waganda tunaopanda nao basi la kampuni wameshazipata habari zangu. Nikiingia, mazungumzo yanakatika, na anayekaa karibu na kiti kitupu anaweka mkoba wake juu ya kiti hicho. Siwalaumu, nami sitaki wanipende. Wakati mwingine nawachukia pia, Mungu ananiona!

Wewe unayesoma hapa, una mwenzako kazini ambaye ukimwona tu roho inakuuma. Usiniambie huna. Mchukie ukitaka, lakini kazi ya mikono yake usiiguse, maana hujui ni wagonjwa wa nani wanaoingojea. Na kama umeshaiharibu, sema leo leo, kabla mwenzio hajapandishwa ndege. Mimi nilisubiri mpaka ukweli wangu ukawa haumsaidii mtu yeyote.