Mkono Usiosikia Miiba

Harufu ya mkonge uliosagwa haina mfano mzuri, na sijawahi kukutana na mtu aliyeisifu akiwa mzima wa akili. Ni harufu ya kitu kibichi kinachooza haraka, chachu inayoingia puani na kukaa huko mpaka uizoee. Korona ya shamba letu, ile mashine iliyosaga majani mpaka zikabaki nyuzi tupu, ilitema maji ya kijani kwenye mfereji uliopita nyuma ya kambi, na sisi watoto tulikua kando ya mfereji huo kama bata. Watu wa umri wangu wakikaa pamoja hupenda kusema kwamba zamani palikuwa pazuri. Mimi huwaacha waseme. Nimechoka kubishana, na pengine kwao palikuwa pazuri. Kwetu, katika kambi ile iliyokuwa upande wa Korogwe, miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza, palikuwa na kazi, posho ya unga na maharage, na baba yangu.

Baba alikuwa Mzigua wa Kang'ata, kule Handeni. Alikuja shambani kijana kwa mkataba mmoja, akasema atarudi kulima, na mikataba ikafuatana mpaka nikazaliwa mimi kambini. Kazi yake ilikuwa kukata. Mkata mkonge huingia kati ya mistari alfajiri, hukata jani shinani, hukata na mwiba ulio nchani, hufunga mafungu, na hafiki mwisho wa mstari bila kuchomwa mahali. Mikono ya wakataji wote ilikuwa na makovu, na wageni walioletwa kutoka mbali walilia wiki ya kwanza, watu wazima na ndevu zao. Baba hakulia wala hakukunja uso. Mwiba ulimwingia kiganjani, akaung'oa kwa meno na kuendelea na maneno aliyokuwa akisema. Jioni, akitaka kuwasha kiko, alichukua kaa la moto jikoni kwa vidole viwili, akaliweka juu ya tumbaku bila haraka yoyote.

Kwa ajili hiyo walimwita Mkono wa Chuma, na jina hilo halikuwa la mzaha. Wakataji wapya waliletwa kwetu siku ya posho ili waushike mkono wake wa kulia, kama watu wanaoomba baraka. Waliambiwa kwamba mkata mkonge aliyeiva ni yule ambaye mkono wake umekwisha kufa, na kwamba wakivumilia, wao pia siku moja watazoezwa miiba na kazi yenyewe na kuacha kusikia. Hata nyapara, mtu asiyemsifu mtu, alisema mbele za watu, "Tazameni mkono huu. Huu ndio mkono wa mtu wa kazi." Baba alicheka na kuunyosha. Mama naye alijivuna kimyakimya. Juu ya kiwiko cha mkono ule palikuwa na baka, jeupe kidogo kuliko ngozi nyingine, ambalo mama alilipaka dawa ya choa kila Ijumaa, na halikuondoka, na hakuna aliyelihesabu kuwa jambo.

Mimi nilisoma. Wasichana wa kambi waliosoma tulikuwa wachache mno, na walionicheka walikuwa wengi, lakini baba alikuwa amekata shauri. Mwalimu wetu alikuwa Mshambaa wa Mpale, mwembamba, mwenye shati moja jeupe lililofuliwa hadi likawa laini kama karatasi ya zamani. Muhula ule alitufundisha mwili wa binadamu. Alianza na tumbo, akatuonyesha kwa kamba ndefu jinsi utumbo unavyojikunja, akaendelea na mapafu na moyo. Alituamuru tukimbie kuuzunguka uwanja kisha tuhesabu mapigo shingoni. Alipofika kwenye uzazi alichora duara mbili ubaoni, akakohoa, akafuta haraka, akasema wavulana watamwuliza baba na wasichana watamwuliza kungwi. Tulicheka mpaka akatutoa nje.

Lakini somo la milango ya fahamu alilipenda. Alisema macho na masikio watu huyathamini, ngozi wanaidharau. Ndani ya ngozi, alisema, mna mishipa ya fahamu, myembamba kuliko uzi, inayokwenda mpaka kwenye ubongo kama nyaya za simu zilizo kando ya reli yetu. Ukiguswa kidole, habari huondoka kidoleni, hufika kwa bwana stesheni kichwani, naye hutoa amri: ondoa mkono. Akauliza nini kinatokea nyaya zikikatwa. Kijana mmoja akajibu kwamba mtu hatasikia maumivu, na kwamba hiyo ni bahati. Mwalimu hakucheka. Alisema, "Huyo ni maskini kuliko kipofu. Kipofu anajua kwamba haoni."

Kisha akatupa kazi ya nyumbani. Kila mtu achukue miiba miwili ya mkonge, maana miiba haikuwa haba. Amfumbe macho mtu mzima wa nyumbani, amguse polepole kwa mwiba mmoja au kwa miwili iliyokaribiana, kwenye ncha za vidole, kiganjani na juu ya mkono, na amwulize ni mingapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari, mstari kwa mstari. Nilikimbia njia nzima kurudi nyumbani. Nilikuwa na mkono mashuhuri kuliko yote kambini, na nilitaka kuuingiza daftarini.

Nilianza na mama. Alikaa kwenye kigoda, kanga usoni, akacheka kila nilipomgusa, akakosea mara mbili kiganjani, na kwenye ncha za vidole hakukosea hata mara moja. Niliandika yote. Baba alikuwa amerudi, amekwisha kuoga, amekaa mlangoni. Alifumba macho mwenyewe bila kitambaa, akaniwekea mkono wa kulia magotini. Niligusa ncha ya kidole cha shahada kwa miiba miwili, nikauliza, "Mingapi, Baba?" Akasema mmoja. Niligusa kidole cha kati kwa mmoja, akasema miwili. Nikaona labda nagusa kwa woga. Nikaukaza mwiba kwenye kidole kidogo, nikaukaza tena, na yeye akasema kwa upole, macho bado yamefumbwa, "Haya, gusa basi, mwanangu."

Tone la damu lilikuwa limekwisha kutoka. Nadhani alisikia jinsi nilivyonyamaza, kwa sababu alifumbua macho, akaitazama damu ile, akanitazama mimi, na uso wake ukazeeka pale pale. Mpaka leo nikitaka kuukumbuka uso wa baba wa siku nyingine, huja kwanza huo. Mama alikuwa amekwenda jikoni. Baba alikifuta kidole kwenye shuka. Akauliza kama mwalimu ataliona daftari. Nikasema ataliona.

"Andika kama ulivyomwandikia mama yako," akasema.

"Lakini Baba, hukusikia."

"Nyumba hii tunaikaa kwa mkono huu. Shule yako pia. Andika."

Nilielewa nusu, na nusu hiyo ilitosha. Nilijua walikopelekwa watu wa ugonjwa ule unaoanza kwa baka na kumaliza vidole. Mwaka mmoja nyuma mtu wa mstari wa nyumba za nyuma yetu alichukuliwa, mkewe akatoa vyombo nje siku hiyo hiyo, na watu walichoma kitanda chake na hawakutaka hata kutaja jina lake. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Waliuita ule ugonjwa mkubwa. Nami nilimpenda baba yangu kuliko ukweli wa mwalimu. Nilichukua kalamu nikaandika vidole vitano, majibu matano, yote sahihi, kwa mwandiko wangu bora.

Mwalimu alisahihisha madaftari kesho yake akipita dawati hadi dawati. Kwangu alisimama. Alisoma mistari ya mama, akasoma ya baba, akarudi tena kwenye ya mama. Akaniuliza baba anafanya kazi gani, ingawa alijua. Nikamwambia anakata. Akasema, taratibu ili wengine wasisikie, kwamba ni ajabu mkata mkonge wa miaka mingi, mwenye sugu, awe na vidole vinavyosikia sawasawa na vya mwanamke wa nyumbani. Akainama kidogo. "Una hakika, Zaina?" Nilimtazama machoni nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Akangoja. Mtu akikungoja namna ile amekwisha kukufungulia mlango, kilichobaki ni wewe kupita. Sikupita. Akaandika vema kwa wino mwekundu, akaenda dawati la pili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, husema watu, na methali hiyo wanaipenda sana wale ambao hawajawahi kuwa na la kuficha. Kwetu hakikuja kifo. Ilikuja miezi, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya mwaka mzima. Kwanza kidole kidogo kilijikunja na hakikukubali kunyooka, kikafuata cha pete. Baba alianza kukata kwa mkono wa kushoto akidai kwamba wa kulia umeteguka. Kaa la kiko lilimuunguza mpaka mfupani, na sisi tulijua kwa harufu, si yeye. Mama aliacha kupaka dawa ya choa. Nadhani siku aliyoiacha ndiyo siku aliyojua, na yeye pia hakusema. Tulikaa watatu katika chumba kimoja, kila mtu akiilinda siri ambayo wenzake wawili walikuwa nayo. Kuchoka kwa kazi ninakujua, nimelima maisha yangu yote, lakini sijachoka tena kama nilivyochoka mwaka ule wa kunyamaza.

Siku ya posho nyapara alimletea mkataji mpya aushike ule mkono. Baba aliuficha nyuma. Nyapara akadhani ni mzaha, akauvuta mbele za watu, na watu wakauona. Waliopanga mstari kuushika zamani walirudi nyuma hatua nyingi. Kesho yake mapema baba aliondoka na msaidizi wa hospitali kwenda kwenye kambi ya wagonjwa wa aina yake, mbali na kwetu, na sisi wawili tukachukua mizigo kwa miguu kuelekea Handeni. Shule yangu iliishia hapo. Sikumuaga mwalimu, na kwa kweli sikutaka anione.

Nilidhani kule alikokwenda watu hupelekwa kufa. Sivyo. Vidonge vyeupe vilikuwa vimekwisha kufika, alivimeza miaka, na ugonjwa ukasimama. Alirudi Kang'ata akiwa mzima, baka limefifia, na vidole vitatu tu vya mkono wa kulia, navyo vimekunjwa kama mtu aliyeshika sarafu. Dawa iliusimamisha ugonjwa pale ulipoukuta, haikurudisha kilichokwisha kuliwa. Alijifunza kushika jembe upya. Mama alimwonjea joto la maji ya kuoga, na mama alipofariki nikamwonjea mimi, nikichovya kiwiko kwanza, nikimwambia, "Ya vuguvugu, Baba, oga." Alinishukuru kila mara, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Mara moja tu tuliligusa. Nilikuwa nimekwisha kuwa na watoto. Nilimwambia kwamba ningaliandika kweli angaliondoka na vidole kumi. Aliendelea kupukuchua mahindi kwa mkono mzuri. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima." Watu husema neno jema humtoa nyoka pangoni. Nyoka wangu alibaki pangoni.

Sasa nimezeeka, na mashamba mengi ya mkonge ya wakati ule yamekuwa mahindi na nyumba. Wajukuu zangu wanasoma mwili wa binadamu kwenye vitabu vyenye picha za rangi, hata uzazi wanausoma wote pamoja, wasichana na wavulana, na hakuna anayetolewa nje. Nikiwasikia wakikariri mishipa ya fahamu jikoni kwangu, hutoka nikaenda kukaa uani. Mambo mengi yamekuwa mepesi. Sidai kwamba watu wamekuwa bora. Ukitaja ugonjwa ule hata leo, yupo atakayehamisha kigoda chake.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya presha. Kwenye meza ya nesi palikuwa na pakiti za vidonge zilizopangwa kwa siku, na ukutani picha ya mkono wenye baka. Nikamwuliza ni za nini. Akaniambia, bila kushusha sauti, akataja na jina la ugonjwa kama mtu anayetaja mafua. Ni bure, alisema, mgonjwa huondoka nazo, hukaa nyumbani kwake na watoto wake. Nikamwuliza kama vidole huokoka. "Vyote, Bibi," akasema, "akiwahi tu. Akija siku ile anapoanza kutosikia." Akaniangalia vizuri zaidi, akavuta daftari lake karibu, akashika kalamu. "Kwani kuna mgonjwa nyumbani? Niambie tu, usiogope, tumfuate."

Nilichelewa kumjibu, naye akangoja.

"Alikuwepo," nikamwambia.