Kisanduku cha Baridi Chaenda Spring Valley

Safari hii ilitokana na dawa ya mama. Anajidunga insulini, na mwenye ploti yetu hapa Kangemi hataki kusikia neno friji, maana stima imo ndani ya kodi. Mimi, fundi wa kompyuta, nikajiona mjanja. Nikaunda kisanduku chenye kibamba ambacho, kikipitishiwa umeme, hupoa upande wa ndani na kuchemka upande wa nje. Kwenye kibanda changu cha kazi kilipoza vizuri. Kwa mama kikaanza uvivu. Nikaongeza kibamba cha pili, kikazidi kuwa vuguvugu, na chupa za dawa za akiba zikaharibika. Jumatatu angepewa nyingine kliniki, Upper Hill. Niliogopa, sioni haya kusema.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikibeba begani nikashika Waiyaki Way kwa miguu. Kamba ilinikata bega, nami nikaanza kuelewa kwa nini watu hununua friji.

Westlands nilipumzika mbele ya duka lililopanga mafriji mlangoni kama maharusi. Sikuyasalimu.

Saa nne nilikuwa Spring Valley. Mlinzi wa geti aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni baridi. Akataka nifungue aione.

Niliyemfuata, Madam Khasandi, ni fundi wa friji wa miaka mingi. Nilimkuta nyuma ya jumba moja akitengeneza friji pana kuliko kitanda changu. Alikigeuza kisanduku, akagusa mapezi ya bati ya nje, ya kutolea joto, ambayo nilikuwa nimeyang'oa kwenye kompyuta mbovu, akautoa mkono upesi.

"Umeweka vibamba viwili ndio ifanye nini?"

"Ndio baridi ikuwe mara mbili, Madam."

"Na hiyo joto itatokea wapi? Ikikosa njia, si itarudi tu ndani."

Alitoa kibamba kimoja, akapunguza umeme, akafunga mapezi mapana na feni juu yake. Tulipomaliza chai na mandazi, kipimajoto kilisoma nyuzi sita. Nilirudi nikiimba, hata na ile kamba begani.

Saa kumi, nyumbani, nilikiweka mezani kwa mama nikaenda kuoga. Niliporudi kilisoma kumi na nne. Juu ya feni kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kimenyooshwa vizuri, ndugu wa kile cha redio na kile cha televisheni. Nilikaa chini. Wiki nzima nilikuwa nikikifunua kile kitambaa, nasoma kipimajoto, kisha nakifunika tena kwa adabu.

"Mama, hii kitu inapumulia hapa juu."

"Na wageni wakikuja waikute hivyo, uchi?"

Kubishana na mama kuhusu vitambaa ni kutwanga maji kwenye kinu. Nikamletea feni nyingine ya ukubwa uleule, nikamwomba aipime.

Jumapili, baada ya kanisa, alikaa na sindano yake ya kufuma hadi jioni. Jumatatu chupa mpya ziliingia, nyuzi zikabaki sita. Nilikuwa nimepima kila kitu katika kile kisanduku isipokuwa mama, mwenye nyumba ambamo kingekaa. Sasa kina kitambaa chenye tundu la duara, saizi ya feni, limezungukwa na maua mekundu.

"Haya," mama alisema akikinyoosha. "Imevaa, na inapumua."