Miguu Nilipewa Bure

Sokoni wananiita Punguza. Nauza cherehani zilizotumika, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na nilianza na moja iliyokuwa na kutu mpaka kwenye tundu la sindano. Katika biashara yetu thamani yote iko kwenye kichwa. Miguu ni chuma tu. Mteja akikubana sana unamwongezea bure, anaondoka akidhani amekupiga.

Kwa akili hiyo nikaenda kununua darubini.

Mwenye shida alikuwa mke wangu. Ana studio ya picha, na tangu kila mtu awe na kamera mfukoni, amebaki na wateja wa pasipoti. Alishaanza kuzungumzia kufunga. Ndipo mchapishaji mmoja akamwambia kwamba akileta picha moja safi ya Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizobanana, kabla mwezi haujaisha, kalenda nzima ya mwakani itakuwa kazi yake.

Siku ya kununua alikuwa na harusi ya kupiga, akanituma mimi.

"Anza na miguu," aliniambia. "Ile yenye mota, inayozunguka taratibu kufuata nyota. Pesa ikibaki ndiyo uangalie darubini, hata iwe ndogo."

Nikamjibu sawa. Moyoni nikasema huyu mama hajui biashara.

Muuzaji alikuwa mpima ardhi mstaafu, vifaa vyake amevipanga juu ya kochi sebuleni. Darubini zilikuwa mbili: moja nyembamba kama chupa ya chai, nyingine pipa kabisa, unaweza kumlaza mtoto ndani. Nikalitaka pipa. Nikakuna shingo, nikahesabu mikwaruzo kwa sauti, nikainuka kuondoka mara mbili, na mara ya pili nikavaa hadi viatu. Akashuka bei. Nikamwambia aongezee na miguu.

"Ipi, bosi? Hii ya mota ina bei yake."

"Yoyote. Hata hiyo ya kwenye kona."

Akaifunga kamba haraka haraka. Haraka ile ilipaswa kunishtua, maana ndiyo yangu mwenyewe nikimpakilia mteja miguu mibovu.

Mke wangu hakulitazama hata pipa. Aliuliza mota iko wapi. Nikamsimulia nilivyomkaba yule mzee, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa kila kitu uani kujaribu.

Pipa liliielemea miguu. Jirani alipofunga mlango wake, nyota zote zikacheza. Hata zilipotulia haikusaidia: kamera inabidi iache jicho wazi dakika nzima, na dakika hiyo anga haliachi kuzunguka. Kila nyota ikatoka imerefuka.

"Hizi nyota au mchele?" nikauliza, nikijaribu kumchekesha.

"Hizo ni akili zako. Zimebaki siku sita."

Asubuhi nikalibeba pipa kulirudisha. Mzee alifungua mlango kabla sijabisha. Safari hii aliyekuna shingo ni yeye, na mikwaruzo akaihesabu yote, pamoja na mitatu niliyoiongeza mimi njiani. Nikatoa pipa, nikatoa na pesa juu, nikaondoka na miguu ya mota peke yake. Akaniuliza kwa upole kama darubini sihitaji. Nilikuwa sina cha kuinunulia.

Mke wangu akafunga juu yake kamera yake na lenzi ile ile ya harusi. Kila jioni alitumia karibu nusu saa kuilenga ile miguu pale anga linapozungukia, la sivyo mota isingefuata nyota sawasawa, na mimi niliamriwa kukaa kwenye kiti nisitikise ardhi. Siku tatu mawingu. Ya nne, Kilimia ikatoka, kila nyota nukta.

Mchapishaji alipomwita kuzungumzia malipo, nikavaa shati la maana.

"Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Kukusaidia kwenye bei."

"Kaa. Ukienda wewe tutarudi na kalenda kubwa yenye miezi saba."

Nikavua shati. Alikwenda mwenyewe, akarudi na mkataba wa miaka miwili, na alichodai kilizidi nilichopanga kuomba mimi.